Kofi Annan: Mwanadiplomasia aliyegeuza heshima kuwa dhamana ya mikopo

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa pembejeo ana tatizo moja linalojirudia kila mwaka. Mbegu na mbolea lazima ziwe dukani kabla mvua za kwanza hazijanyesha, na muuzaji wa jumla anataka fedha taslimu. Mkulima, kwa upande wake, huwa na fedha baada ya mavuno. Kati ya siku ya kununua na siku ya kulipwa ipo miezi kadhaa, na katika miezi hiyo mwenye duka anahitaji mtaji wa mtu mwingine.

Anayeaminika hupewa mali kauli. Asiyejulikana hubaki na rafu tupu. Akienda benki huulizwa hati ya nyumba, na asipokuwa nayo mazungumzo huishia hapo. Kwa miaka mingi jibu la mabenki mengi ya Afrika kwa sekta ya kilimo limekuwa kwamba hatari ni kubwa mno.

Mmoja wa watu waliojaribu kulitatua tatizo hilo hakuwa mkulima wala mwenye benki. Ni Kofi Annan wa Ghana, aliyemaliza kazi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tarehe 31 Desemba, 2006. Juni 2007 alitangazwa kuwa mwenyekiti wa kwanza wa AGRA, asasi isiyo ya faida inayoshughulika na mbegu, mbolea, masoko na mikopo ya wakulima wadogo wadogo.

Habari za Annan mwanadiplomasia zimeandikwa sana. Kwa msomaji wa ukurasa huu inafaa kuzipitia kama zinavyopitiwa hesabu za kampuni: mtaji ulitoka wapi, ulitumikaje, na salio likoje.

Mtaji wa kuanzia

Annan alizaliwa Kumasi tarehe 8 Aprili, 1938, katika nyumba iliyojua biashara. Baba yake alikuwa ofisa wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever. Kijana huyo alisoma uchumi katika Chuo cha Macalester, Marekani, akahitimu mwaka 1961.

Mwaka 1962 aliajiriwa na Shirika la Afya Duniani mjini Geneva, katika kazi ya bajeti. Mwaka 1972 alipata shahada ya uzamili katika menejimenti kutoka chuo cha MIT. Kati ya mwaka 1974 na 1976 alirudi nyumbani kushughulikia utalii wa Ghana, kisha akarejea Umoja wa Mataifa. Huko alipitia idara za utumishi, bajeti na fedha, hadi akawa mdhibiti wa fedha wa umoja huo mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa hiyo, kabla dunia haijamfahamu kama msuluhishi, Annan alikuwa mtu wa mahesabu. Alijua senti inatoka wapi na nani anatakiwa kusaini. Alipoanza kazi ya Katibu Mkuu Januari 1, 1997, alikuwa wa kwanza kupanda hadi cheo hicho kutoka miongoni mwa watumishi wa umoja huo.

Katika kiti hicho alifanya jambo ambalo baadhi ya watangulizi wake hawakulipa uzito. Alikaa na wafanyabiashara. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa Davos, aliyataka makampuni makubwa yaingie mkataba wa hiari kuhusu haki za wafanyakazi na mazingira, na mkataba huo ukazinduliwa mwaka 2000. Aprili 2001, mjini Abuja, alitoa wito wa kuanzishwa mfuko wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2002. Mwishoni mwa mwaka 2001 yeye na Umoja wa Mataifa walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Amani ya Nobel.

Upande wa hasara

Hesabu ya kweli haina faida peke yake. Annan ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya ulinzi wa amani ya Umoja wa Mataifa mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Umoja huo ulishindwa kuwaokoa watu, na yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba angeweza na alipaswa kufanya zaidi.

Hasara nyingine ilihusu fedha. Mpango wa kuiruhusu Iraki iuze mafuta ili inunue chakula ulikumbwa na rushwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Paul Volcker, aliyekuwa gavana wa benki kuu ya Marekani, ililaumu usimamizi wa Katibu Mkuu mwaka 2005. Mwanawe aliwahi kufanya kazi katika kampuni iliyopata mkataba ndani ya mpango huo. Tume haikupata ushahidi kwamba baba aliingilia utoaji wa mkataba, lakini doa lilibaki.

Kutoka New York hadi Nairobi

Julai 2004, mjini Addis Ababa, Annan alitoa wito wa mapinduzi ya kijani yatakayofaa mazingira ya Afrika yenyewe. Mwaka 2006 mifuko miwili ya Kimarekani iliitikia. Ule wa Bill na Melinda Gates ulitoa Dola milioni 100, na ule wa Rockefeller Dola milioni 50. AGRA ikazaliwa, makao yake yakawa Nairobi.

Dola milioni 150 zinasikika nyingi. Lakini zikigawanywa kwa mamilioni ya wakulima katika nchi zaidi ya kumi, hazifiki mbali. Fedha za msaada huliwa mara moja zikaisha. Swali lililokuwa mbele ya mwenyekiti na wenzake ni namna ya kuzifanya zivute fedha nyingine, hasa zile zilizolala katika mabenki ya Afrika.

Kabla hajakaa vizuri kitini, kazi ya zamani ilimwita. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ulizua machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,000. Wafanyabiashara wa ukanda huu wanakumbuka upande wake wa pili: reli iling'olewa Kibera, malori yalikwama barabarani, na mafuta yakawa adimu Uganda na Rwanda kwa sababu mzigo wa bandari ya Mombasa haukupita.

Annan aliwasili Nairobi Januari 22, 2008. Pamoja na Rais mstaafu Benjamin Mkapa na Mama Graça Machel, alisimamia mazungumzo hadi Februari 28, siku ambayo Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana madaraka. Njia ikafunguka tena.

Dola 1 ibebe 10

Mei 2008, miezi mitatu baada ya saini hizo, Benki ya Equity ya Kenya ilitangaza mpango wa mikopo ya Dola milioni 50 kwa kilimo. AGRA na mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, IFAD, waliweka dhamana ya Dola milioni 5. Walengwa walikuwa wakulima milioni 2.5 pamoja na wafanyabiashara 15,000: wenye maduka ya pembejeo, wauzaji wa jumla wa mbegu na mbolea, wanunuzi wa nafaka na wasindikaji.

Machi 2009 benki ya Standard ya Afrika Kusini iliingia kwa utaratibu huo huo. Iliahidi Dola milioni 100 kwa miaka mitatu katika nchi za Ghana, Msumbiji, Tanzania na Uganda, dhidi ya dhamana ya Dola milioni 10. Hapa Tanzania, NMB nayo iliingia katika mpango wa dhamana na AGRA kwa ajili ya wenye maduka ya pembejeo.

Hesabu ni rahisi. Katika mipango yote miwili iliyotajwa kwa tarakimu, Dola 1 ya dhamana ilitakiwa kubeba Dola 10 za mikopo. Fedha ya msaada haigawiwi kwa mkulima. Inakaa pembeni, na benki inaigusa tu pale mkopaji anaposhindwa kulipa. Na kwa kuwa dhamana ni asilimia 10 ya mikopo, hasara ikivuka kiwango hicho benki inabeba yenyewe. Kwa sababu hiyo benki hailali; inachagua wakopaji na kuwafuatilia.

Hapo ndipo jina la mwanadiplomasia linapopata thamani ya kibiashara. Benki haikopeshi kwa sababu ya jina. Lakini ili wakurugenzi wa benki, mawaziri na wafadhili wakae meza moja na kusaini, lazima awepo mtu ambaye wote wanapokea simu yake. Wenye maduka wanakielewa kitu hicho. Mali kauli haitolewi kwa fedha. Hutolewa kwa historia ya mtu.

Salio

Je, mapinduzi yalitokea? Lengo lililotangazwa lilikuwa kwamba kufikia mwaka 2020 kipato cha mamilioni ya familia za wakulima kiwe kimeongezeka mara mbili, na ukosefu wa chakula upungue kwa nusu katika nchi 20.

Lengo hilo halikufikiwa. Mwaka 2020 mtafiti Timothy Wise wa Chuo Kikuu cha Tufts alikokotoa kwamba katika nchi 13 zilizopewa uzito na AGRA, mavuno ya mazao makuu ya chakula yaliongezeka kwa asilimia 18 katika miaka 12, huku idadi ya watu wenye lishe pungufu ikipanda kwa asilimia 30. AGRA iliupinga utafiti huo. Hata hivyo, tathmini huru iliyotolewa mwaka 2022 nayo ilisema matokeo yalikuwa mchanganyiko, na kwamba lengo la kuinua kipato cha wakulima milioni 9 halikutimia.

Wakosoaji wanaongeza kuwa mbegu za kununua na mbolea ya chumvichumvi humfunga mkulima kwa madeni, hasa mwaka ambao mvua imegoma. Hoja hiyo si ya kupuuzwa na mfanyabiashara. Mkulima aliyefilisika hanunui mfuko mwingine msimu unaofuata.

Annan hakuyaona matokeo ya mwisho. Kiti cha AGRA kilikwenda baadaye kwa Strive Masiyiwa, mfanyabiashara wa simu kutoka Zimbabwe. Yeye aliendelea na asasi nyingine, likiwemo jopo la maendeleo ya Afrika ambalo mwaka 2013 lilionyesha kuwa Kongo ilipoteza angalau Dola bilioni 1.36 kati ya mwaka 2010 na 2012 kwa kuuza mali za madini kwa bei ya chini. Alifariki dunia mjini Bern, Uswisi, Agosti 18, 2018, akiwa na umri wa miaka 80.

Funzo kwa mwenye duka

Msomaji anayefikiria mkopo wenye dhamana ya mfadhili azingatie mambo matatu.

Kwanza, dhamana inamlinda mkopeshaji, haimsamehe mkopaji. Wapo wanaosikia neno mfadhili wakadhani deni ni zawadi. Benki ikilipwa na mfuko wa dhamana, mkopaji bado anadaiwa, na jina lake linaharibika.

Pili, auliza dhamana inakwisha lini. Mipango hii huwa na muda. Ule wa Standard ulikuwa wa miaka mitatu. Duka lililojengwa juu ya riba ya mpango lazima liwe na hesabu ya kuishi mpango ukifungwa.

Tatu, dhamana hailetei mazao soko. Mkulima akivuna gunia nyingi na bei ikaanguka, mbolea aliyokopeshwa haitalipika. Kabla ya kukopa ili kujaza ghala la pembejeo, mfanyabiashara ajue nani atanunua mahindi ya wateja wake, kwa bei gani, na mwezi gani.