Nani Huhesabiwa Mfanyakazi? Bima ya Ulemavu Nchini Marekani

Katika madarasa yetu wapo wanafunzi ambao, wakisikia kwamba serikali ya Marekani huwalipa mafao watu wenye ulemavu, hudhani ulemavu peke yake unatosha. Hautoshi. Mpango mkuu wa mafao hayo ni bima, na bima humwuliza mtu amechangia nini kabla ya kumwuliza ameumia wapi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tuanze na daftari la michango, cheti cha daktari kitafuata.

Mchango hukatwa kwenye mshahara. Mfanyakazi hutoa asilimia 6.2 kwa Hifadhi ya Jamii, mwajiri hutoa kiasi hicho hicho, na anayejiajiri hubeba pande zote mbili. Kwa mapato yaliyokatwa mchango mtu huandikiwa alama zisizozidi 4 kwa mwaka. Mwaka 2025 alama 1 ilihitaji dola 1,810. Aliyepata dola 7,240 alitimiza zote 4, hata kama fedha hizo alizipata kwa mwezi mmoja. Alama, basi, haipimi saa wala jasho. Hupima mshahara ulioandikwa.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni jumla ya alama, ambayo hupanda kadiri umri unavyopanda, mwisho 40. Cha pili ni kazi ya karibuni: kwa aliyefikisha miaka 31, alama 20 lazima ziwe zimepatikana katika miaka 10 inayoishia alipopata ulemavu. Vijana wamelegezewa, na wasioona hawapimwi kwa kipimo hiki cha pili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke amefanya kazi kiwandani miaka 18 mfululizo, akakusanya alama 72. Mwisho wa mwaka 2015, akiwa na miaka 40, akaacha kazi ili amwuguze mama yake. Bima yake iliendelea hadi tarehe 31 Desemba 2020. Akivunjika uti wa mgongo Desemba hiyo, analindwa. Akivunjika Machi 2021, alama zote 72 hazimpi bima ya ulemavu hata senti moja, ingawa kwa pensheni ya uzee bado zinahesabika. Na miaka ile ya kumwinua mama kitandani, kumwogesha na kumlisha? Kwenye daftari ni pengo tupu.

Mgumu zaidi ni ugonjwa unaonyemelea. Mgonjwa hupunguza saa za kazi, huhamia kazi nyepesi, kisha huacha akingoja nafuu. Anapokwenda kudai, tarehe imepita. Sheria bado inamruhusu kuthibitisha kwamba ulemavu ulianza kabla ya tarehe hiyo, kwa ushahidi wa wakati ule. Lakini aliyepoteza kazi mara nyingi hupoteza pia bima ya matibabu iliyotokana na kazi. Asiye na bima haendi hospitali, na asiyekwenda hospitali hana faili.

Masharti haya hayakushuka kutoka mbinguni. Sheria aliyotia saini Rais Franklin Roosevelt mwaka 1935 haikuwa na bima ya ulemavu, tena iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, kazi walizofanya Wamarekani weusi wengi wa Kusini. Makundi hayo yalianza kuingizwa mwaka 1950. Bima ya ulemavu ilipofika Seneti mwaka 1956 ilipingwa vikali na Chama cha Madaktari cha nchi hiyo, ikapita kwa kura 47 dhidi ya 45. Ili ipite ilibidi ibanwe: mafao yalianza na wenye miaka 50 na zaidi tu, hadi sharti hilo la umri lilipofutwa mwaka 1960.

Watetezi wa kipimo cha kazi ya karibuni husema bima hufidia mshahara uliopotea, na asiyekuwa na mshahara kwa miaka mingi hana cha kufidiwa. Hoja hiyo ina mantiki, hatuibezi. Kasoro yake ni kuchukulia kwamba asiye na mshahara ulioandikwa hakufanya kazi. Mtumishi wa nyumbani anayelipwa mkononi, mwajiri asipeleke taarifa, amevuja jasho na kupokea ujira, lakini jina lake halimo. Kulidai liingizwe ni lazima awe na uthibitisho, nao uthibitisho uko kwa mwajiri yule yule.

Aliyekosa alama hubakiwa na mpango mwingine, ulioanza kulipa Januari 1974. Huo hauulizi historia ya kazi, huuliza umaskini. Mali inayohesabiwa ya mtu mmoja isizidi dola 2,000, kiwango ambacho kuanzia 1989 hadi 2025 hakikuongezwa, ingawa nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Mwanamke wa mfano wetu, akiwa na akiba ya dola 5,000 tangu enzi za kiwanda, hapati kitu mpaka akiba hiyo ipungue. Na akiwa na mume mwenye mshahara, sehemu ya mshahara huo huhesabiwa kuwa ni wake.