Kuliamsha Gari la Abingdon

Katika mji mdogo wa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hata 1980, paliundwa gari jepesi la wazi liitwalo MGB, na idadi yake, pamoja na ndugu zake wenye paa la bati, ilipita 500,000. Basi si ajabu kwamba hata leo, katika mabanda ya nchi ile, yapo mengi yaliyosimama miaka ishirini au thelathini, pengine kwa sababu mwenyewe alijaliwa watoto na gari halikuwa na mahali pa kuwapakia.

Mtu alipatapo gari la namna hii, shauku humhimiza atie betri na kuzungusha ufunguo papo hapo. Na tendo hilo, kwa rai yangu, laweza kuwa na madhara kupita miaka yote ya kusimama. Oili imekwisha kuchuruzika kutoka kuta za silinda, ringi za pistoni zimeshikwa na kutu, na stata ikizilazimisha huvunjika. Aidha, yale yaliyoundwa kabla ya mwisho wa 1967 yalifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha desturi ya siku hizi, hata atiaye betri kwa haraka aweza kuiunga kinyume. Mafundi wenye subira hufungua plagi zote nne, humimina mafuta mepesi katika kila tundu, huyaacha yapenye siku kadhaa, ndipo huishika nati ya puli kwa spana na kuijaribu kwa mkono, huku na huku, mpaka injini ikubali kusogea.

Petroli iliyokaa mno huacha utando wa gundi ndani ya karbureta mbili za gari hili, za chapa ya SU. Kila moja ina pistoni ndogo yenye sindano, ipandayo na kushuka kwa kadiri hewa inavyovutwa. Fundi akishaisafisha huiinua kwa kidole na kuiachia, na ikianguka kwa wepesi ikagonga chini, ta!, imekaa sawa. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu, silinda zikaliwa na kutu kwa ndani. Hapo hapana la kubahatisha, na mipira yote ibadilishwe.

Lakini taabu kubwa ni bodi, maana gari hili halina chesisi ya kando: bodi yenyewe ndiyo mhimili, na kwa kuwa halina paa, nguvu zake nyingi zimo katika masanduku ya bati yapitayo chini ya milango. Kutu huyala kwa ndani, ilhali rangi ya nje bado yang'aa. Fundi mwenye haraka akiyakata yote mawili kwa pamoja, bodi hubonyea katikati na milango haifungiki tena. Mwenye ustadi huchomelea kwanza vyuma vya kushikiza uwazi wa mlango, hukata upande mmoja tu, na kila hatua huujaribu mlango kabla ya kuchomelea tena.

Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage huuza bodi mpya kamili za MGB, nami siwalaumu wazinunuao, kwani kuna bodi zilizooza kabisa. Ila pale bati la kale lingali na uzima, naona ni haki litibiwe, maadamu mikono iliyoliunda gari hili Abingdon haipo tena kazini, na kiwanda cha huko kilifungwa mwaka 1980.