Mazoezi yalimfaa bingwa huyu, lakini wewe usitupe dawa

Ukitajiwa mapigano ya Kichina huenda ukawaza filamu za Bruce Lee: mateke, makelele na watu kurushwa ukutani. Leo nataka umjue bingwa wa aina nyingine, aliyeingia katika mchezo huo akiwa mgonjwa wa kifua.

Cheng Man-ch'ing alizaliwa mwaka wa 1902 katika mkoa wa Zhejiang, nchini China. Angali kijana, akifundisha uchoraji, alishikwa na kifua kikuu hata akawa anakohoa damu. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua viini vya maradhi hayo; streptomycin iligunduliwa mwaka wa 1943. Cheng alishika mazoezi ya tai chi, sanaa ya kujihami inayofanywa polepole, baadaye chini ya mwalimu mashuhuri Yang Chengfu. Akapata nguvu.

Alikuwa pia tabibu wa mitishamba, mshairi na mwandishi wa hati za Kichina, ndipo akaitwa bingwa wa fani tano. Mfululizo wa tai chi aliofunzwa ulikuwa mrefu mno kwa watu wenye shughuli nyingi, naye akaufupisha ukawa na miondoko 37. Mwaka wa 1949 alihamia Taiwan, na mnamo 1964 akaanza kuishi New York, alikofundisha Wamarekani wengi. Alifariki mwaka wa 1975.

Je, tai chi hutibu TB?

La. Kabla ya dawa kupatikana, baadhi ya wagonjwa walipona kwa kinga ya mwili, chakula bora na mapumziko. Wengi waliangamia.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kumtibu fundi cherehani mmoja ambaye, baada ya miezi miwili ya dawa, alijiona mzima. Akaziacha, akaanza kukimbia kila alfajiri. Aliporudi kwangu alikuwa amekonda, anakohoa damu, na viini vilikuwa vimekuwa sugu. Matibabu yake ya pili yalikuwa marefu na machungu zaidi.

Faida yake halisi

Tai chi husaidia usawa wa mwili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2012, uliohusisha wagonjwa 195 wa Parkinson, ulionyesha kuwa walioifanya mara mbili kwa wiki walisimama imara zaidi. Wazee nao huanguka mara chache.

Huna mwalimu? Simama kando ya kiti imara, magoti yakiwa yamelegea. Hamisha uzito polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, ukipumua kama kawaida, kwa dakika 10. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha, umwone daktari.

Na ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi. Dawa za TB hutolewa bure katika hospitali za serikali. Zimalize zote, hata ukijihisi mzima.