UVUMI DARASANI: NAMNA YA KUCHUNGUZA HABARI ZA MUMIANI PAMOJA NA WANAFUNZI

Ni walimu wachache wa shule za msingi za Mbeya na Iringa wanaomaliza mwaka wao wa kwanza wa kazi bila kukutana na habari za mumiani. Habari hizo haziletwi na muhtasari wa masomo. Huja pale gari geni linapoegeshwa chini ya mti wa shule, au muuguzi anaposhuka akiwa na kisanduku cha chanjo, na mara watoto wa Darasa la Tatu wakaanza kurukia madirisha. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha hapo hutenda moja kati ya mambo mawili. Ama hucheka na kutamka kwamba huo ni ujinga, ama hunyamaza, kwa kuwa naye aliambiwa hayo hayo na bibi yake. Twaona kuwa yote mawili hayafai, na la kwanza ni baya zaidi: mtoto aliyechekwa hataacha kuamini, ila ataacha kumwambia mwalimu.

Yafaa kwanza mwalimu mwenyewe aijue asili ya neno. Mumiani lilitoka katika Kiajemi, na maana yake ya awali ni kitu cheusi mfano wa lami au utomvu, kilichotumiwa kuwa dawa ya majeraha na mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yataja dawa hiyo, tena yaongeza kwamba watu wengi waliamini kuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni imani hiyo ilienea Afrika Mashariki na ya Kati kwa majina mbalimbali. Nairobi na Kampala walioogopwa ni wazimamoto. Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, waliitwa banyama. Huku kwetu wazee hulitaja pia jina la chinjachinja. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 2000, akaonyesha jinsi yalivyoshikamana na mambo ambayo wananchi waliyaona kwa macho yao: magari yasiyo na madirisha, sare, sindano, na kazi za serikali ambazo hakuna aliyewaeleza shabaha yake. (Inafaa kukumbuka kwamba Wazungu nao, kwa karne nyingi, waliuza katika maduka yao ya dawa unga wa maiti za kale za Misri na kuunywa. Uvumi wa dawa itokanayo na miili ya watu haukuzuka hewani.)

Huenda mwanachuo akauliza kwa nini kipindi kizima kipotezwe kwa hadithi za kale. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, ambacho licha ya jina lake kimo wilayani Chamwino, Mkoa wa Dodoma, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na kundi la wanakijiji na gari lao likachomwa moto. Wawili walikuwa watafiti na mmoja dereva. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Ilipigwa kelele kwamba wanyonya damu wameingia, na waliokusanyika hawakungoja kuuliza. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, uvumi wa namna hiyo hiyo uliua watu kadhaa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Waliokimbilia kelele siku hizo walikuwa watu wazima, lakini kila mmoja wao aliisikia habari ya mumiani kwa mara ya kwanza akiwa mtoto.

Hapa ndipo penye ugumu wa somo letu, na mwanachuo asiupite kwa haraka. Ingekuwa rahisi kuwaambia watoto kwamba habari zote za namna hii ni uongo. Haiwezekani kusema hivyo katika nyanda hizi. Karibu na mwaka 2000 palitokea mkoani Mbeya mauaji ya watu waliochunwa ngozi kwa ajili ya ushirikina. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto kadhaa waliuawa Njombe, mkoa uliokuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, na baadhi yao walikatwa viungo. Yaliyotokea hayo ni kweli. Mtoto aliyeambiwa na mwalimu kwamba hakuna mtu mbaya njiani, kisha akasikia habari za Njombe redioni, hatamwamini tena mwalimu huyo hata katika jambo la kunawa mikono. Kwa hiyo swali la somo lisiwe "Je, ni kweli au ni uongo?" Liwe "Tutajuaje?"

Tunashauri kuanza katika kipindi cha Kiswahili, Darasa la Tano. Mwalimu aandike ubaoni sentensi tatu: "Wanasema watoto wawili wamechukuliwa." "Inasemekana gari lilikuwa jeusi." "Nililiona gari likisimama kisimani jana jioni." Awaulize wanafunzi: katika sentensi ya kwanza, kiambishi wa- kinasimama badala ya nani? Watatafuta, na hawatampata. Katika ya pili hata huyo wa- hayupo tena. Ni ya tatu tu iliyo na mtu tunayeweza kumfuata na kumwuliza: ulisimama wapi, palikuwa na mwanga gani, uliona nini kabla hujaambiwa na wenzako? Baada ya hapo wanafunzi wachukue uvumi mmoja usio na madhara, mathalani nyoka mkubwa wa bwawa fulani, na kila mmoja aandike alikoupata. Mishale ichorwe ubaoni kutoka jina hadi jina, mpaka ifike kwa mtu aliyeona, au mpaka ikome. Mara nyingi itakoma. Ule mchezo wa kunong'onezana sikioni kwa mzunguko hufurahisha, lakini twaona hufundisha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Katika mchezo maneno hupotoka kwa bahati mbaya, katika uvumi kila msimulizi huongeza shahidi kwa makusudi: "shangazi yangu alimwona."

Kipindi cha pili ni cha sayansi pamoja na hesabu, na zana zake ni dumu la lita tano, maji, na kijiko cha chai. Mwili wa mtu mzima una damu ipatayo lita tano. Mtoto wa miaka minane au tisa ana kiasi cha lita mbili. Kijiko cha chai hujaa mililita tano, na kipimo cha kawaida cha damu hospitalini huchukua kiasi kama hicho. Wanafunzi wakokotoe: vijiko vingapi vimo katika dumu? Elfu moja. Aliyejitolea damu hutoa mililita 450 hivi, na mwili hurudisha. Kisha waelezwe kwamba damu iliyotoka mwilini huganda kwa dakika chache isipotiwa dawa ya kuizuia, na kwamba hata ikitiwa dawa hiyo na kuwekwa katika jokofu huharibika baada ya majuma matano au sita. Waulizwe: huyo anayetajwa kupita usiku na ndoo, damu yake angeifikisha wapi? Mwalimu asijibu. Mwisho atofautishe sindano inayovuta na sindano inayoingiza. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wasichana wa Tanzania walianza kupewa kote nchini Aprili 2018 na ambayo hutolewa pia mashuleni, ni nusu mililita inayoingia. Hakuna tone linalochukuliwa. Mbeya, penye kituo cha miaka mingi cha utafiti wa maradhi ya UKIMWI na kifua kikuu, damu huchukuliwa kweli kweli kwa ajili ya utafiti, na mtoto ana haki ya kuambiwa kiasi na sababu.

Siku hizi uvumi umepata chombo kipya, nazo ni video za simu. Zipo zinazochunguza imani za watu kwa uaminifu, na zipo zinazouza hofu. Hata shule isiyo na intaneti yaweza kufundisha tofauti yake, kwani wanafunzi wameziona kwenye simu za kaka zao. Mchunguzi wa kweli hutaja mahali na tarehe, humhoji pia anayeshutumiwa, na hukubali kuishia njiani. Muuza hofu huweka muziki wa kutisha, huuliza maswali kumi asijibu hata moja, na shahidi wake hana uso wala kijiji.

Kwa Darasa la Sita na la Saba twapendelea mfano wa Kalenga. Mkwawa alijiua Julai 1898, na Wajerumani wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliamuru fuvu lirudishwe. Gavana Edward Twining alilitafuta katika makumbusho ya Bremen miongoni mwa mafuvu mengi, akilinganisha vipimo na vile vya ukoo wa Mkwawa, na tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi. Je, vipimo vinatosha kuthibitisha? Wapo wenye shaka, na shaka yao ina hoja. Wanafunzi wajadili ni ushahidi gani mwingine ungehitajika, na mwalimu awe radhi kipindi kiishe bila jawabu.

Jambo moja la mwisho lahusu wakati. Masomo haya yafundishwe kijiji kikiwa shwari. Mwanafunzi akija na habari ya mtu aliyemfuata njiani, hiyo si kazi ya ubaoni: ipelekwe siku hiyo hiyo kwa mwalimu mkuu, ofisi ya kijiji na polisi. Na watafiti au wauguzi wakitarajiwa, mwalimu amwombe mwenyekiti wa kijiji awatangaze mkutanoni, kwa majina yao, namba ya gari lao na kazi waijiayo, kabla gari halijaonekana barabarani.