Mali Bila Daftari: Obokano Ufukweni

Majuzi, nikiwa Shelly Beach kule Likoni pamoja na wanafunzi wangu wachache, tulimkuta mchuuzi wa vinyago ameegemeza kwenye mnazi ala kubwa ya nyuzi. Bakuli lake la mti, lililowambwa ngozi, lilikuwa pana kama ungo. Bei yake nayo ilikuwa ya kutisha. “Ni ya kale, ni adimu,” alitueleza. “Wageni wanaokusanya vitu vya zamani huitafuta sana.” Mwanafunzi mmoja alipomwuliza jina lake, alijibu, “Gitaa la kienyeji.”

La hasha! Ile ilikuwa obokano, ala ya nyuzi 8 ya Abagusii wa magharibi mwa Kenya. Ni ndugu ya nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu, ila inazishinda kwa ukubwa, na sauti yake nzito hunguruma chini ya uimbaji wa mpigaji wake.

Sisi wa Pwani tusimcheke mchuuzi huyo. Neno kinanda, ambalo wazee wetu walilitumia kwa ala za nyuzi, leo kijana akilisikia hufikiria vibao vya kubonyeza. Na ni wangapi miongoni mwao wamewahi kuliona gambusi?

Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichoundwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Obokano iliyochongwa mwaka 1950 haimo katika fungu hilo. Isitoshe, hata ile inayolindwa, sheria hulinda mti na ngozi tu. Jina la kila uzi, namna ya kuukaza, na maneno ya mafundi wa kuchonga havina mlinzi ila ulimi wa mwenye kuvijua.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mkusanyaji akiinunua ala, fundi anaweza kuchonga nyingine. Msamiati ukipotea, hakuna wa kuuchonga upya. Bahati nzuri, wapigaji wangalipo, na obokano husikika hata katika mashindano ya muziki ya shule zetu. Basi walimu, baada ya shangwe na vikombe, watumeni wanafunzi na daftari kwa wapigaji hao, wayaandike majina hayo moja baada ya jingine. Wahenga walitwambia: mali bila daftari hupotea bila habari.