Mwanahabari wa spoti anayestahili kusomwa huuliza dhahabu ilikwenda wapi

KATIKA enzi ambapo runinga zilikuwa za wachache, shabiki wa kandanda aliyeishi Lodwar, Lamu au Mumias hakuwa na budi kutegemea sauti ya mtangazaji wa redio. Watu walikusanyika dukani au chini ya mti, redio moja ikiwatosha wote. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia Februari 7, 2025, ni miongoni mwa waliowafanya wasikilizaji wa Sauti ya Kenya na baadaye KBC kuuona mpira kwa masikio.

Siku hizi shabiki huyo ana simu ya mkononi. Bao likifungwa London, habari humfikia Lodwar kabla mfungaji hajamaliza kushangilia. Picha anazo, takwimu anazo, na maneno ya kocha ameshayasikia. Basi mwandishi wa spoti amebakiwa na kazi gani?

Jibu mojawapo linapatikana katika maisha ya David Walsh, mwanahabari mzaliwa wa Ireland aliyeandikia gazeti la Sunday Times la Uingereza kwa miaka mingi.

Walsh alikuwa na mwana aliyeitwa John, ambaye alifariki mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 12 baada ya kupata ajali akiendesha baiskeli. Baada ya mazishi, mwalimu aliyemfunza John alisimulia kisa kimoja. Siku moja alikuwa akiwasomea wanafunzi hadithi ya kuzaliwa kwa Yesu: jinsi Yosefu na Mariamu walivyokuwa maskini, na jinsi mamajusi walivyowaletea dhahabu, uvumba na manemane. John akainua mkono na kuuliza, ikiwa familia hiyo iliendelea kuishi katika umaskini, ile dhahabu waliifanyia nini? Mwalimu huyo alikuwa amefunza kisa hicho kwa zaidi ya miaka 30. Alikiri kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo, wala hakuwa na jibu.

Walsh amesema mara nyingi kwamba swali hilo la mwanawe ndilo lililomwongoza katika kazi yake. Tukizingatia yaliyofuata, si vigumu kumwamini.

Mwaka 1998, mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalitikiswa na kashfa baada ya gari la timu ya Festina kunaswa likiwa na shehena ya dawa zilizopigwa marufuku. Mwaka uliofuata waandalizi waliahidi mashindano safi. Wengi walitarajia kasi ipungue, kwa sababu dawa ndizo zilizokuwa zikiwapa waendeshaji nguvu za kupita kiasi. Kinyume chake, mashindano ya 1999 yalikuwa ya kasi zaidi kuliko yote yaliyotangulia. Mshindi alikuwa Lance Armstrong wa Marekani, aliyekuwa amepona saratani muda mfupi awali.

Ulimwengu ulitokwa na machozi ya furaha. Walsh naye alifanya hesabu. Ikiwa dawa zimekwisha, kasi hii imetoka wapi? Aliwaandikia wasomaji wake kwamba huu haukuwa wakati wa kupiga makofi.

Ikumbukwe kuwa shaka si ushahidi, na hapa ndipo wanahabari wengi hujikwaa. Walsh hakuishia kulalamika. Alitumia miaka mitano akiwatafuta watu waliokuwa ndani ya timu hiyo. Mmoja wao alikuwa Emma O'Reilly, aliyekuwa mkandaji wa misuli ya waendeshaji. Alieleza kwamba Armstrong alipopatikana na chembechembe za dawa iliyopigwa marufuku mwaka 1999, timu ilitafuta cheti cha daktari kilichoandikwa tarehe ya nyuma, kikidai ni mafuta ya kutibu kidonda.

Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 2004 nchini Ufaransa katika kitabu alichoandika pamoja na Pierre Ballester. Gharama yake haikuwa ndogo. Wanahabari waliozoea kusafiri naye kwenye gari moja wakati wa mashindano walimwambia hawangeweza kumbeba tena, wakihofia kunyimwa mahojiano na timu ya bingwa. Gazeti lake lilishtakiwa, na mwaka 2006 likakubali kumlipa Armstrong pauni 300,000 ili kesi iishe. Kwa miaka sita zaidi, mwongo ndiye aliyetembea kifua mbele.

Shirika la Kupambana na Dawa Haramu Michezoni la Marekani lilichapisha ripoti yake Oktoba 2012. Armstrong akapokonywa mataji yote saba ya Tour de France, na Januari 2013 akakiri kwenye runinga. Gazeti lilidai pesa zake, na mwaka huo huo pande hizo mbili zikaafikiana.

Hata hivyo, Walsh si mtume. Mwaka 2013 aliishi na timu ya Sky ya Uingereza kwa muda, akaandika akiisifia kwa usafi. Baadaye maswali yalipozuka kuhusu namna timu hiyo ilivyotumia dawa kwa idhini ya matibabu, wasomaji walimkosoa, na haki yao ilikuwa hiyo. Mtu akila na kulala na anaowaandikia, jicho huingia ukungu, awe hodari namna gani.

Hatari hiyo haiko Ulaya pekee. Mwandishi wa Kiafrika ambaye husafiri kwa basi la klabu, hulala kwenye hoteli iliyolipiwa na shirikisho, na kupokea bahasha ya "nauli" baada ya mkutano wa wanahabari, atapata wapi ujasiri wa kuuliza marupurupu ya wachezaji yamekwenda wapi? Msomaji makini anaweza kumtambua kwa urahisi. Kila taarifa yake ina sauti moja tu, ya kiongozi. Mchezaji aliyetemwa, mwanariadha aliyenyimwa tiketi na mwamuzi ambaye hajalipwa hawasikiki kamwe.

Wakenya wenyewe walipata kuonja uchungu wa mwandishi anayeuliza. Mwaka 2012, Mjerumani Hajo Seppelt wa runinga ya ARD alitangaza habari kuhusu matumizi ya dawa za kusisimua misuli miongoni mwa wanariadha wa humu nchini. Katika matangazo ya kituo hicho, mkimbiaji Mathew Kisorio, aliyekuwa amepigwa marufuku mwaka huo, alikiri kuzitumia na kueleza kwamba madaktari walihusika. Wengi walikasirika. Ilionekana kama mgeni amekuja kuwachafulia jina mashujaa wetu, kwa vile wenzake wameshindwa kuwapiku kwenye mbio.

Hasira hizo zilieleweka. Lakini mwaka 2014, Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alipatikana ametumia EPO, dawa inayoongeza chembechembe nyekundu za damu. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza wa kike kushinda dhahabu ya marathon katika Olimpiki. Katikati ya visa hivyo viwili, Kenya ilijikuta mwaka 2016 ikitangazwa na Shirika la Kupambana na Dawa Haramu Michezoni Duniani (WADA) kuwa haitimizi masharti, na Bunge likalazimika kurekebisha sheria ya kupambana na dawa hizo.

Aliyeumizwa zaidi na ukimya si shirikisho. Ni mtu kama Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyemaliza wa pili nyuma ya Jeptoo mjini Boston mwaka 2014. Alitangazwa mshindi halali zaidi ya miaka miwili baadaye, wakati ambapo hakukuwa tena na utepe wa kukata wala umati wa kumshangilia.

Seppelt hakuwaandama Wakenya peke yao. Desemba 2014 alifichua mtandao wa dawa nchini Urusi, akisaidiwa na mkimbiaji Yuliya Stepanova na mumewe Vitaly. Mwaka mmoja haukuwa umepita kabla ya Urusi kufungiwa nje ya riadha ya kimataifa. Anayemwona kuwa adui wa Kenya hana budi kueleza hilo.

Kwa upande wa soka, hakuna filamu iliyolitikisa bara hili kama ile ya Mghana Anas Aremeyaw Anas, iliyoonyeshwa jijini Accra Juni 2018. Anas hufanya kazi kwa kujificha, na anapojitokeza hadharani hufunika uso kwa shanga. Filamu hiyo ilipewa jina la Nambari 12 kwa lugha ya Kiingereza. Waamuzi walionekana wakipokea pesa kutoka kwa watu waliojifanya wawakilishi wa timu. Mkenya Aden Range Marwa, aliyekuwa ameteuliwa kuwa mwamuzi msaidizi katika Kombe la Dunia nchini Urusi, alionekana akipokea dola 600, takriban Sh60,000 wakati huo. Alijiondoa kabla ya dimba kuanza. Rais wa Shirikisho la Soka la Ghana, Kwesi Nyantakyi, aliyenaswa akipokea dola 65,000, alijiuzulu.

Kuna wanaohoji kama ni haki kumtega mtu kwa pesa kisha kumrekodi. Hoja hiyo ina uzito, kwani aliyetegwa huenda asingeitafuta rushwa mwenyewe. Lakini katika mchezo ambao anayetoa na anayepokea wote hunufaika na kunyamaza, ni nani angeleta ushahidi?

Mmoja wa waliofanya kazi na Anas alikuwa Ahmed Hussein-Suale. Mbunge mmoja wa Ghana aliitoa picha yake kwenye runinga na kuwahimiza watu wampige watakapomwona. Usiku wa Januari 16, 2019, alipokuwa akiendesha gari kurejea nyumbani katika mtaa wa Madina jijini Accra, wanaume waliokuwa kwenye pikipiki walimkaribia na kumpiga risasi. Alifariki papo hapo.