Mawe mazito bustanini: maarifa hutangulia nguvu

Majira ya vuli yanapoingia nchini Uingereza, kati ya Septemba na Novemba, wenye nyumba wengi hugeukia kazi za bustani. Udongo bado una joto la kiangazi, mvua zimerejea, na mimea ya vichaka hupata muda wa kushika mizizi kabla ya baridi kali. Miongoni mwa kazi hizo, mojawapo ya zile ngumu zaidi ni kuhamisha mawe makubwa ili vichaka vipandwe kandokando yake.

Kazi hiyo ikifanywa kwa pupa huweza kumwacha mtu na mgongo ulioumia au vidole vilivyopondeka. Hata hivyo, watu wawili wenye mtaimbo na subira wanaweza kuhamisha jiwe ambalo watu wanne wasingeweza kulinyanyua.

Desturi ya karne mbili na zaidi

Bustani za mawe si jambo geni nchini humo. Katika bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, jijini London, iliyoanzishwa mwaka 1673, bado lipo tuta la mawe lililokamilika mwaka 1773. Lilijengwa kwa mawe ya zamani kutoka Tower of London, pamoja na mawe ya volkano ambayo mwanasayansi Joseph Banks aliyaleta kutoka Iceland.

Bustani ya kifalme ya Kew nayo ilijenga ya kwake mwaka 1882 kwa mawe ya chokaa. Baadaye yaliondolewa, yakawekwa mawe ya mchanga kutoka Sussex, ambayo huhifadhi unyevu vizuri zaidi. Mabadiliko hayo yanaonyesha kuwa jiwe bustanini si pambo tu. Huzuia udongo wa chini yake usikauke upesi, huipa mizizi ubaridi wakati wa jua kali, na hutunza joto la mchana na kuliachia usiku.

Uzito unaodanganya macho

Mita moja ya ujazo ya graniti huwa na uzito wa takriban tani 2.6. Kwa hiyo jiwe lenye sentimita 30 kila upande hukaribia kilo 70, na lile la sentimita 50 hufikia kilo 325, ingawa kwa macho tofauti ni ndogo.

Mwongozo wa Idara ya Afya na Usalama Kazini ya Uingereza, HSE, hutaja kilo 25 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke, iwapo mzigo umeshikwa usawa wa kiuno na karibu na mwili. Mzigo ukiwa chini karibu na ardhi, viwango hivyo hushuka hadi kilo 10 na kilo 7. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi, lakini mgongo wa mtu aliye nyumbani kwake hauna tofauti.

Kazi ya wenzo

Njia iliyo salama ni kutonyanyua kabisa. Mtaimbo wenye urefu wa sentimita 150, ukiegemezwa juu ya kipande cha mbao sentimita 15 kutoka ncha iliyo chini ya jiwe, huzidisha nguvu ya mkono mara tisa. Na kwa kuwa ni upande mmoja tu wa jiwe unaoinuliwa, kinachobebwa ni karibu nusu ya uzito. Hivyo mgandamizo wa takriban kilo 20 hutosha kuinua ukingo wa jiwe la kilo 325.

Kila jiwe linapoinuka kidogo, kabari ya mbao husukumwa chini yake kwa kutumia kijiti, kamwe si kwa vidole. Likishapata nafasi, mbao mbili hulazwa kama reli, na juu yake mabomba matatu au manne ya chuma. Jiwe husukumwa taratibu, na bomba linalobaki nyuma huhamishiwa mbele. Penye mteremko, mtu yeyote asisimame upande wa chini wa jiwe.

Kabla ya kuchimba, ni lazima kujua nyaya za umeme na mabomba ya gesi yalipopita. Aliyepanga nyumba hana budi kupata kwanza idhini ya mwenye nyumba.

Jiwe kwanza, kichaka baadaye

Jiwe hufukiwa hadi theluthi moja ya kimo chake ili lisiyumbe. Huinamishwa kidogo kuelekea nyuma, maji ya mvua yapate kutiririkia kwenye mizizi. Udongo unaolizunguka hushindiliwa, kisha huachwa utulie kwa siku kadhaa.

Shimo la kichaka huwa na upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini kina chake hakizidi kimo cha bonge hilo. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu hulegezwa kwa mkono. Baada ya kupanda, udongo hukanyagwa kidogo na kumwagiwa maji ya kutosha. Matandazo huwekwa bila kugusa shina. Kichaka huendelea kuhitaji maji katika kiangazi cha kwanza, hasa kikiwa upande ambao jiwe huukinga na mvua.

Lavenda na rozmari hustahimili mawe ya chokaa. Azalea na rododendroni huhitaji udongo wenye asidi, na hudhoofu zikipandwa karibu na mawe hayo.

Mawe yanayolindwa

Asili ya jiwe nayo ni jambo la kuulizwa. Katika maeneo ya Yorkshire na Cumbria kuna nyanda za miamba ya chokaa zilizokwanguliwa na barafu katika enzi ya mwisho ya barafu. Sehemu yake iling'olewa ili kupamba bustani za watu. Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya mwaka 1981 iliweka ulinzi, na kuondoa mawe bila idhini katika maeneo yaliyotangazwa ni kosa la jinai.

Mnunuzi anashauriwa kumtaka muuzaji aeleze mawe yametoka wapi. Kichaka kilichokauka hupandwa kingine mwaka unaofuata, lakini mwamba uliochongwa na barafu kwa maelfu ya miaka haurudi tena.